Kliniki ya sukari wanafundishwa kuosha miguu, bimkubwa wangu mwenye matende anatolewa nje. Haki hiyo?

Wakuu nimechefukwa. Ndo tunatoka hospitali na bimkubwa, tupo kwenye daladala tunarudi Mbagala, tulikuwa foleni toka saa 11 alfajiri. Dirisha la kwanza nendeni la pili, la pili rudini mapokezi, mwisho tunaambiwa matende hapa hatuna kitengo, watafuteni watu wa mradi. Watu wa mradi ndo wale wa kingatiba, wanapita nyumba kwa nyumba na vidonge, wakimaliza huwaoni tena!

Sasa kilichoniuma zaidi, chumba cha jirani ilikuwa siku ya kliniki ya sukari. Nesi anaelekeza watu waoshe mguu na maji na sabuni, wakaushe katikati ya vidole, wakague michubuko waitibu mapema. Jamani si ndo hayo hayo anayohitaji mama?? Maana vijidudu vikiingia kwenye zile nyufa za mguu homa za mitoki zinamlaza siku tatu anatetemeka, na kila zikimpiga uvimbe unaongezeka. Nikaomba akae tu kwenye benchi asikilize. Jibu nililopewa: huyu hana sukari, ataharibu ripoti. Ripoti!!!

Vidonge mimi sivipingi, kwetu tunameza wote. Ivermectin na albendazole vinaua watoto wa minyoo ya matende kwenye damu ili mbu asiwabebe kwenda kwa mwingine, na kampuni za dawa Merck na GSK ziliahidi kuvitoa bure toka 1998. Ila mguu ulioshavimba kidonge hakiurudishi, huo unataka kuoshwa kila siku na mtu wa kumfundisha mgonjwa. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 mpaka 2030 unasema wazi haya magonjwa yaliyosahaulika, kama matende na kichocho, yaingizwe kwenye huduma za kawaida yasibaki miradi ya pembeni. Yanaingizwa wapi kama nesi yupo, beseni lipo, sabuni ipo, halafu mgonjwa anafukuzwa kwa sababu jina la ugonjwa wake haliko kwenye daftari?

Na dada mmoja mtaani kwetu, kakulia kijijini Mwanza, katibiwa magonjwa ya zinaa mara nne, mpaka ndoa ikayumba, kumbe ni kichocho cha ukeni, kile kinachopatikana kwenye maji. Kote alikopita hakuna aliyemuuliza kama utotoni alikuwa anaoga kwenye madimbwi.

Anayejua kituo upande wa Temeke wanapompokea mgonjwa wa matende aniambie hapa hapa, mama ameanza kutetemeka tena.