Kuwaandaa wasimamizi wa wahudumu wa kiroho: tuwapime kwa nini hasa?

Mratibu_Wodi

Hamjambo wandugu. Tuko Nairobi, na tuna wahudumu watatu wa hospitali (wachungaji wawili na ustadh mmoja) tunaotaka wawe wasimamizi wa mafunzo ya CPE (mafunzo ya huduma ya kiroho kwa vitendo, hospitalini). Wote wamemaliza yuniti zao (vipindi kamili vya mafunzo hayo), na wodini hakuna anayewatilia shaka. Kilichobaki ni kuwafundisha kufundisha, kisha kuwapima. Mpango ulioko mezani ni barua mbili za mapendekezo, mahojiano ya saa moja na darasa moja la maonyesho. Nauona mwepesi mno, ila sina la kuweka badala yake. Wapitie nini, kwa muda gani, na jopo lidai nini kabla ya mtu kukabidhiwa kikundi? Na wanafunzi watatu tu wanatosha kuwa kikundi?

MamaVikao

Watatu wanatosha. ACPE, chama cha Marekani cha mafunzo haya, ambacho wengi tunafuata taratibu zake, kinataka wasipungue hapo. Lakini kwa msimamizi anayejifunza ningetafuta watano. Wakiwa watatu na mmoja akaugua malaria, kikundi kimekwisha, yamebaki maongezi.

Huo mpango wenu unapima kitu kingine kabisa. Barua itasema mtu ana tabia njema. Mahojiano yataonyesha anajua kujieleza, na darasa la maonyesho litaonyesha anajua kuhutubu. Nani kati ya wachungaji hajui kuhutubu? Hakuna hata kimoja kinachokuonyesha anafanya nini mwanafunzi anaponuna, anapolia, au anapoleta ripoti ya neno kwa neno ya maongezi yake na mgonjwa, aliyoipamba mpaka mgonjwa anaongea kama katekisimu.

Muda kwanza. Yuniti ni saa 400 kwa uchache, na ndani yake zisizopungua 100 ni za mafunzo ya kikundi na ya ana kwa ana. Ukiifanya kutwa kwa wiki 10, ni saa 10 za mafunzo kila wiki. Mgawanyo unaokaa vizuri: vikao vitatu vya ripoti vya dakika 90, kikao kimoja cha dakika 90 cha mahusiano ya kikundi, saa 2 za mada, saa 1 ya mwanafunzi na msimamizi wake, na saa 1 ya tafakuri ya pamoja. Ripoti tatu kwa wiki ni 30 kwa yuniti, kwa hiyo wanafunzi watano wataleta sita kila mmoja. Zikipungua nne, huwezi kuona mtu amebadilika au la.

Msimamizi mtarajiwa ningempitisha yuniti tatu. Ya kwanza anaketi na kuandika tu, bila kuchangia kikaoni. (Hili huwashinda walio hodari zaidi.) Ya pili anaongoza kwa kupokezana na msimamizi aliyeidhinishwa, na anapewa wanafunzi wawili wa ana kwa ana. Ya tatu anaongoza mwenyewe, naye anasimamiwa dakika 90 kila wiki, tena kwa rekodi. Maelezo yake ya mdomo yasikubaliwe. Mtu akikusimulia kikao chake atakusimulia kikao alichotamani kukiongoza.

Utaratibu wa rekodi ni huu. Yeye anachagua dakika 10, anaziandika zote, na pembeni anaongeza safu tatu: nilichoona, nilichodhani, kwa nini nilisema hivyo. Wewe unachagua dakika nyingine 10 bila kumwambia ni zipi. Kisha mnahesabu pamoja: alishauri mara ngapi, alieleza mara ngapi, aliuliza mara ngapi, alinyamaza mara ngapi. Msimamizi mpya anaweza kushauri mara kumi na kuuliza mara mbili, na katika hayo mawili moja ni ushauri uliovaa alama ya kuuliza: "Huoni ungemshika mkono?"

Chukua mistari hii, M ni mgonjwa na H mhudumu:

M6: Nimechoka bwana. Hata watoto hawaji siku hizi.
H6: Pole sana. Basi tuombe.
M7: (kimya) Sawa.

Msimamizi asiyeiva atasema, "Maombi ni mazuri, ila ungemuuliza kwanza habari za watoto." Ushauri ni sahihi. Mwanafunzi ataunakili, na kesho kila mgonjwa ataulizwa habari za watoto. Aliyeiva atasema, "Turudi M6. Uliposikia hayo, wewe ulikuwa wapi?" Anangoja. Mwanafunzi akijibu "nilitaka kutoka," basi kikao kimeanza, na dakika 40 zinazofuata ni za hilo tu.

Sasa angalia kilichotokea kwa yule wa kwanza: mwanafunzi alikimbilia maombi kwa sababu uchungu wa mgonjwa ulimzidi, na msimamizi akakimbilia ushauri kwa sababu ya aibu ya mwanafunzi. Ni kitu kilekile kimepanda ghorofa moja. Searles, daktari wa akili wa Marekani, alikieleza mwaka 1955 kwa upande wa tiba ya akili. Mimi hukiita mwangwi. Mtarajiwa asiyeweza kuusikia mwangwi kwenye rekodi yake mwenyewe, hata ikisimamishwa palepale, hajafika.

Kasisi_Zamu

Naunga mkono rekodi, ila nina neno kuhusu makaratasi. Zile karatasi tatu za nadharia anazoandika mtarajiwa, ya theolojia, ya nafsi ya mtu na ya ufundishaji, zinawala watu miaka. Mtu anakariri Kolb, mtaalamu wa elimu, na mduara wake wa 1984 wa kujifunza kwa kutenda, anapasi, halafu kikundini ni yuleyule. Ningebakiza moja.

MamaVikao

Kasisi, tatizo liko kwenye namna zinavyosomwa. Karatasi ya nadharia isiyo na mwanafunzi hata mmoja ndani yake irudishwe bila kusahihishwa. Akiandika kwamba mtu mzima hujifunza kwa kutenda kisha kutafakari, aonyeshe ni wapi kwenye rekodi yake alimpa mwanafunzi nafasi ya kutafakari kabla ya kumfunza. Kuna na ile tofauti ya Ekstein na Wallerstein, walioandika juu ya kufundisha tiba ya akili mwaka 1958: shida ya mwanafunzi kwa mgonjwa ni moja, na shida ya mwanafunzi kwa msimamizi ni nyingine. Anayechelewesha ripoti kila Jumanne huenda anajua kazi wodini vizuri tu, ila hapendi kusahihishwa na mtu mdogo kwake. Bila nadharia mtarajiwa ataona uvivu, atamwongezea kazi, na ripoti zitazidi kuchelewa.

Hilo la umri lisipuuzwe hapa kwetu. Mtarajiwa wa miaka 35 atapata mwanafunzi ambaye ni padri wa miaka 60. Kikundi kitamwinamia mzee, hakuna atakayegusa ripoti yake, na kila hoja itaishia "asante Baba". Dawa ndogo: kabla ya mtu yeyote kusema, kila mmoja aandike kwa dakika tatu mstari mmoja uliomgusa na mmoja uliomtatiza, kisha wasome walichoandika. Maandishi yana ujasiri kuliko mdomo.

Ustadh_Faraja

Assalamu alaykum na amani kwa wote. Mratibu, kwa kuwa mna ustadh kati ya hao watatu, chungeni vigezo visije vikawa vya kanisa bila ninyi kujua. Fomu nyingi zinamtaka mtarajiwa aeleze "wito" wake na "theolojia ya mwili wa Kristo wodini". Muislamu ataandika nini hapo? Atatunga. Mwulizeni kazi hii ina mizizi gani katika dini yake, naye atakuwa na mengi ya kusema: kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenziwe, na vikao ni amana. Kisha mpimeni kwa uzito uleule anaopimwa mchungaji: je, mizizi hiyo inaonekana anapomsimamia mwanafunzi wa Kipentekoste, au inabaki kwenye karatasi?

Ratiba nayo inafundisha. Kikao cha Ijumaa saa saba mchana kinamtoa yeye, na zamu ya Jumamosi inamtoa Msabato. Hayo ni ya kupanga wiki ya kwanza, yasingoje mtu alalamike.

La pili ni lugha, na hapa ndipo naona ripoti nyingi zikifa. Wodi za Nairobi zina Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kikamba, Kisomali, na mwanafunzi anarudi na ripoti ya Kiingereza safi. Mgonjwa ameulizwa hali, amejibu "niko tu". Ripoti inasema yu mzima. Hilo "tu" ndilo lililobeba mambo yote: hajafa, hajapona, hana la kuongeza, na labda anangoja uulize tena. Likishatupwa, hakuna msimamizi atakayelipata. Kanuni iwe kwamba mstari wa mgonjwa unaandikwa kwa lugha aliyosemea, na tafsiri chini yake. Mtarajiwa mnampima hivi: mpeni ripoti yenye mistari 20 ambamo mistari mitatu imetafsiriwa vibaya, muone kama atauliza, "Alisemaje hasa?"

Msomaji_wa_Pili

Nijibu upande wa jopo, maana ndiko wengi wanakoharibu.

Wajumbe wawe wanne au watano. Msimamizi aliyemfundisha mtarajiwa atoe ripoti yake, lakini asipige kura. Askofu wake asiketi, na mkuu wake wa kazi hospitalini asiketi pia. Hao wawili wana sababu nyingine za kutaka apite au ashindwe. Mjumbe mmoja awe wa dini tofauti na ya mtarajiwa, na mmoja atoke nje ya huduma ya kiroho kabisa. Muuguzi mkuu wa wodi anafaa sana, kwa kuwa ndiye anayejua wanafunzi wa nani wanarudi wodini na wa nani wanajificha kantini.

Faili ifike wiki tatu kabla. Ndani: karatasi za nadharia, rekodi mbili za dakika 20 (moja ya kikundi, moja ya ana kwa ana), na tathmini za mwanzo na za mwisho za wanafunzi WOTE wa yuniti ya tatu, akiwemo aliyeacha katikati. Mkimruhusu achague, mtasoma habari za mwanafunzi wake bora tu. Kwenye tathmini hizo tafuteni lugha ya mwanafunzi mwenyewe. Wote watano wakiandika "nimejifunza kuwepo" kwa maneno yaleyale, hayo ni maneno ya msimamizi.

Kila mjumbe atoe alama peke yake kabla ya kukutana, kuanzia 1 hadi 4, na kila alama iwe na maelezo ya kitu kinachoonekana. "Ana huruma" haipimiki. "Anaona hisia za mwanafunzi na kuzitaja bila kuzifasiri" unaweza kuionyesha kwenye rekodi, dakika fulani, sekunde fulani. Kabla ya mtarajiwa wa kwanza, jopo zima litazame rekodi moja na kulinganisha alama. Mkipishana kwa alama mbili, maelezo ya vigezo ndiyo mabovu, yaandikeni upya.

Na msitumie wastani. Mtu mwenye 4 kwenye theolojia na 1 kwenye mipaka na maadili atatoka na wastani unaopendeza, halafu mtampa wanafunzi wazima wamlilie ofisini mlango umefungwa. Mipaka, siri na matumizi ya mamlaka ni milango mitatu. Ukifungwa mmoja, mengine hayahesabiwi.

Kikao chenyewe dakika 90 zinatosha. Hatari yake ni jopo kugeuka wodi: mtarajiwa anatokwa na machozi, mjumbe anaanza kumhudumia, dakika 30 zimekwenda na hakuna aliyeuliza kuhusu rekodi. Wajumbe ni wahudumu, mkono unawawasha. Mwenyekiti awe na ruhusa ya kusema, "Tupumzike dakika tano," kisha arudishe swali lilelile.

Mratibu_Wodi

Nashukuru, nimeandika kurasa nne. Mawili yamebaki. Rekodi zenyewe tunazihifadhi vipi? Na asiyepita anaambiwa nini?

Msomaji_wa_Pili

Mgonjwa harekodiwi. Kinachorekodiwa ni kikao cha mafunzo, kwa ridhaa iliyotiwa sahihi na kila mwanafunzi, na anayekataa asiadhibiwe: kamera ielekee kwa msimamizi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya na imani kuwa data nyeti, na ripoti zenu zina vyote viwili kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo ondoeni jina, namba ya kitanda, tarehe ya kulazwa na mtaa. "Mama wa makamo, wodi ya upasuaji" inatosha. Msitume chochote kwa WhatsApp. Faili likivuja na kukawa na hatari ya kweli ya kumdhuru mtu, taarifa inatakiwa ifike kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na simu iliyopotea kwenye matatu ni uvujaji. Rekodi iwe na tarehe ya kufutwa, na jina la atakayeifuta.

MamaVikao

Asiyepita apewe jibu kwa maandishi ndani ya wiki moja: kigezo kipi, dakika ipi ya rekodi, na nini kionekane akirudi. Majibu yawe mawili tu, amepita au bado. "Amepita kwa masharti" ni jibu la jopo lililochoka. Aliye "bado" arudi na yuniti nzima mpya, kikundi kipya, rekodi mpya; miezi sita ya kusubiri bila wanafunzi haimfundishi chochote. Na awe na njia ya rufaa kwa wajumbe wasiokuwepo siku ile.

Kingine, Mratibu: punguzeni zamu zao. Ripoti moja inataka dakika 40 za maandalizi. Tatu ni saa 2, ongeza karatasi tano za tafakuri za kila wiki kwa dakika 20, ni kama saa 4 kabla hajaingia kikaoni. Msimamizi anayetoka zamu ya usiku na kusoma ripoti kwenye lifti atashauri, hatauliza, na mtadhani hana kipaji.