Toyota Ipsum ya zamani inachemsha kwenye foleni, barabara kuu iko poa. Nifungue hedi?

KITI CHA NYUMA

Wakuu habari zenu. Naomba mwenye uzoefu na Ipsum ya zamani anisaidie kabla sijaingia gharama.

Gari ni modeli ya SXM10 ya mwaka 1998, injini 3S-FE, gia otomatiki. Nimeinunua mkononi kwa mtu, na kazi yake ni familia: viti vyote saba vinakaliwa na nyuma kuna mizigo. Barabara kuu nikiwa kwenye 80 au 90 mshale wa joto unakaa chini ya nusu kidogo, umetulia. Nikikwama kwenye foleni na AC imewashwa, unaanza kupanda taratibu, unavuka nusu, unaitafuta H. Nikizima AC unapumzika. Foleni ikiachia nikaondoka, unashuka wenyewe.

Fundi wa kwanza aling'oa themostati (ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini), akasema vitu hivyo ni vya nchi za baridi. Kwenye foleni ikawa afadhali kidogo, lakini sasa asubuhi injini inachelewa mno kupata joto, mafuta inakunywa kuliko mwanzo, na nikipandisha mlima mrefu na watu kamili inachemsha, kitu ambacho zamani haikuwa inafanya. Fundi wa pili hakushika hata spana. Alisikiliza tu, akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, imekufa, tufungue. Wa tatu anasema nisihangaike, nitafute injini ya mtumba niweke. Mume wangu yuko upande wa fundi wa pili. Mimi nimegoma kwanza.

Maji yanapungua kidogo kidogo, naongeza ya bomba. Moshi mweupe sijauona. Oili iko kawaida. Maji ya kwenye rejeta yana rangi ya kutu. Nimsikilize nani?

MZEE WA GIA MBILI

Uza mama, mtafute mwenye moyo mgumu kuliko wako umwachie. Natania. Ngoja wenye 3S waje.

SPANA KUMI

Dada, usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu. Jibu umeshaliandika mwenyewe: inachemsha ikisimama, inapoa ikikimbia. Gari ikiwa kwenye mwendo, upepo unajipitia wenyewe kwenye rejeta. Ikisimama, upepo ni feni. Kwa hiyo feni na njia ya upepo ndizo zinazokaguliwa kwanza, na hedi inakuwa ya mwisho kabisa. Gasketi iliyokufa kwa kawaida haikupi nafuu kwa sababu tu umeongeza mwendo. Mara nyingi ukiibebesha mzigo ndiyo inachachamaa.

Asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa gari, washa AC, fungua boneti uangalie feni mbili zilizo nyuma ya rejeta. Zote mbili zinatakiwa zizunguke. Ikizunguka moja tu, hapo unaendesha na nusu ya upepo, na AC nayo inamwaga joto lake mbele ya rejeta hiyo hiyo. Ile iliyolala, zima gari, chomoa soketi yake, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Isipoamka, isukume panga kwa kijiti kirefu, siyo kwa kidole. Ikiamka baada ya kusukumwa ujue kaboni za mota zimeisha. Mota ni nzima lakini haijiwezi kuanza, na siku ya joto kali ndiyo itakayokuangusha. Ikiwa feni zote zinazunguka AC ikiwashwa lakini bila AC haziamki hata injini ikipata moto, angalia swichi ya joto ya feni. Toyota nyingi za miaka ile, ukichomoa waya wa swichi hiyo huku switi ya ufunguo imewashwa, feni inawaka yenyewe. Isipowaka, fuata fyuzi na rilei kabla ya kununua chochote.

Sasa kitu ambacho mafundi wengi hawakiangalii. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kutoa joto la AC, na kati ya viwili hivyo kuna upenyo mwembamba. Ukichungulia kwa mbele unaiona kondensa safi. Ukichungulia kwa nyuma unaona feni. Pale katikati haangalii mtu. Legeza vishikio vya juu vya rejeta, ivute kidogo upande wa injini, mulika tochi kwa juu. Kwenye gari la umri huu nimekuta vumbi, mabawa ya kumbikumbi, nyuzi za mfuko na vipande vya majani vimeshikana na mafuta mpaka vimekuwa kama blanketi, unalibandua kwa mkono likatoka zima. Upepo utapita wapi? Osha kwa maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu urudi ulikoingilia. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari iweke mbali, inalaza mapezi ya rejeta yote, kisha unakuwa umeziba mwenyewe.

Kuhusu themostati, hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Kwenye 3S inakaa upande wa maji yanayoingia kwenye injini na ina sahani mbili. Ya mbele inafungua njia ya rejeta maji yakifika kama nyuzi 82. Ya nyuma, wakati huo huo, inaziba njia ya mkato ambayo maji huitumia kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa. Kwenye tambarare hutaona shida. Mlimani, watu saba, gia ya pili, ndipo utakapoiona, na ndicho ulichokieleza. Asubuhi nako injini inabaki baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli ikidhani bado inaipasha moto. Huko ndiko mafuta yako yanakokwenda.

Nunua themostati mpya yenye ile sahani ya pili, siyo ile fupi ya kubahatisha. Kabla ya kuifunga, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto, isiguse kitako cha sufuria, uone inafunguka kweli. Ina kijitundu chenye kipini kinachochezacheza: hicho ni cha kutolea hewa, kikae juu.

NUNGUNUNGU WA LAMI

Naongezea kwenye ile ya injini ya mtumba. Shemeji yangu alishauriwa hivyo hivyo, akabadilisha injini, rejeta na feni zikabaki zile zile. Injini mpya nayo ikachemsha. Ya kwanza ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu, kwa hiyo hatutajua kamwe kama ilikuwa na ubovu wowote.

KITI CHA NYUMA

Asanteni sana. Spana Kumi, umenifungua macho. Na hayo maji ya kutu? Na nitajuaje kwa hakika kama hedi ni nzima, ili nimnyamazishe mtu hapa nyumbani?

SPANA KUMI

Bloku ya 3S ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Maji matupu ya bomba yanaitafuna bloku, kutu inasafiri, inakwenda kukaa kwenye mirija myembamba ya rejeta. Gari ikishapata joto vizuri, zima, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, au tumia kile kipimajoto cha kuelekeza. Ukikuta sehemu ya katikati au ya chini ni ya baridi na pembeni ni moto, mirija imeziba. Rejeta iliyoziba namna hiyo kwa ndani sipendi kuipiga dawa, kwa sababu uchafu ukilegea unahamia kwenye hita. Badilisha. Na angalia zile tanki zake za plastiki juu na chini. Plastiki ikigeuka kahawia na kuanza kuchakaa shingoni panapoingia hozi, siku zake zimehesabika hata kama haijavuja.

Kifuniko cha rejeta usikidharau. Kinashikilia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Kwa presha ya karibu baa 1 juu ya ile ya hewa, yanachemka karibu na 120. Mpira wa kifuniko ukipasuka, unachemsha mapema na maji yanakimbilia kwenye chupa ya akiba. Kina vali mbili: kubwa ya kutoa na ndogo katikati ya kuvuta maji yarudi injini ikipoa. Ukikuta asubuhi hozi ya juu imebonyea, ile ndogo imekwama. Namba ya presha imeandikwa juu ya kifuniko, nunua chenye namba ile ile ya kiwandani. Usikifungue injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Hedi sasa. Asubuhi, injini baridi, fungua kifuniko, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma, na ukipiga resi yanaongezeka, hapo kuna gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dalili nyingine: hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha, kabla injini haijapata joto. Ukitaka uhakika wa kumwonyesha mzee, kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye shingo ya rejeta. Kikikutana na gesi ya kutolea moshi kinageuka njano. Mwambie fundi wa pili akilete na yeye ajionee. Povu jeupe kwenye kifuniko cha oili peke yake lisikutishe, gari ya safari fupi fupi hulipata kwa jasho la ndani tu. Toa kijiti cha oili ndipo uamue.

Jambo moja zaidi: mshale wa gari nyingi za wakati ule umetengenezwa utulie katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi. Ukiuona umevuka nusu, joto limeshakwenda mbali. Ukikwama kwenye foleni kabla hujarekebisha, zima AC, fungua madirisha, washa hita yote na feni yake namba ya mwisho. Mtalowa jasho, lakini hiyo ni rejeta ndogo ya ziada. Na hita ikitoa upepo wa baridi wakati mshale uko juu, maji yamepungua au kuna hewa ndani. Paki, zima.

KITI CHA NYUMA

Mrejesho. Feni ya upande wa dereva ilikuwa imekufa kabisa, imebadilishwa. Kati ya kondensa na rejeta lile blanketi lako nimelikuta, limetoka vipande viwili. Mapovu hayapo. Kipimo cha bluu kimebaki bluu, mume wangu amekaa kimya. Themostati na kifuniko vipya vimefungwa.

Ila fundi ameona unyevu wenye ukoko mwekundu chini ya kava la mkanda wa taimingi, anasema ni wota pampu. Pembeni kwenye injini kuna stika ya Kijapani ina namba 22, 6, 15 na kilomita. Hizo ni nini?

SPANA KUMI

Kwenye 3S wota pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, iko nyuma ya kava hilo. Ikianza kuvuja kupitia kile kitundu chake, maji yanatokea chini hapo. Ndiko yalikokuwa yanapungulia.

Stika hiyo ndiyo ya mkanda, isipokuwa kama ni ya oili, na ya oili mara nyingi hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba 22 ni mwaka wa Heisei, kalenda yao ya utawala. Heisei ya kwanza ilikuwa 1989, kwa hiyo 22 ni 2010. Mkanda ulibadilishwa 15 Juni 2010. Kiwanda kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, lakini mpira unazeeka hata gari ikilala. Badilisha vyote kwa mkupuo: mkanda, pampu, beringi ya kukaza, ile ya kuelekeza, na sili za kamshafti na kranki maana ziko hapo hapo na kazi ya kufungua ni ile ile. Bahati yako 3S-FE mkanda ukikatika vali hazigongi pistoni, gari inazima tu. Lakini kuzima katikati ya mlima na watu saba sikuombei.

Mkimaliza, jazeni kulanti (dawa ya kupoza injini na kuzuia kutu) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Pandisha pua ya gari juu kidogo ili shingo ya rejeta iwe sehemu ya juu kuliko zote, weka hita kwenye moto wa mwisho, jaza polepole, acha iungurume kifuniko kikiwa wazi mpaka hozi zote mbili zipate joto na mapovu yaishe. Ipoe, ongeza, funga. Kesho yake asubuhi angalia tena.

NUNGUNUNGU WA LAMI

Swali la pembeni: kulanti nyekundu na ya kijani zinachanganyika?

SPANA KUMI

Rangi ni dai tu, haikuambii kilichomo. Kuna nyekundu mbili zisizopatana na kuna kijani na nyekundu zinazopatana. Soma maandishi ya chupa, tafuta inayosema inafaa magari ya Kijapani, na kama hujui kilichomo ndani mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo ujaze ya aina moja. Angalia pia kama imeshachanganywa kiwandani, hiyo haiongezwi maji. Ile ya zamani mliyoitoa msiimwage chini: ni tamu na ni sumu, paka na mbwa wanailamba, na mtoto pia. Tia kwenye dumu, funga, andika juu yake.