Kiungulia sugu: kamera kwanza, omeprazoli wiki 8, au kipimo cha asidi?

Mlinda_Umio (mleta mada)
Wakuu, mwenye kiungulia cha miezi na miezi ana njia tatu: ameze omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) wiki 8 tuone matokeo, aingizwe kamera (endoskopia), au apimwe asidi ndani ya umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni). Wengi hukimbilia kamera. Mimi nasema kama hakuna dalili ya hatari, aanze na omeprazoli mg 20, kidonge kimoja, dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi. Hapo kwenye "kabla" ndipo dozi inapoharibika. Dawa hii huzima pampu za asidi zikiwa kazini, na kinachoziamsha ni chakula. Ukimeza umeshiba, sehemu kubwa inapotea bure, halafu unasikia "dawa imegoma".

Nesi_Theata
Sawa mkuu, ila dalili za hatari zitajwe: chakula kukwama ukimeza, kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu. Hapo hakuna kusubiri wiki 8, ni kamera moja kwa moja. Chakula kukwama ndiyo naogopa zaidi. Saratani ya umio ni tatizo kubwa huku kwetu, Kilimanjaro hadi Bonde la Ufa kule Kenya, na aina inayotawala huku haitokani na asidi, kwa hiyo kuna wagonjwa ambao hawakuwahi kuwa na kiungulia. Na kifua kikibana ukipanda ngazi, pima moyo kwanza.

Zamu_ya_Usiku
Mmesahau kitu. Kamera ikipita mtu akiwa bado anameza omeprazoli, michubuko imeshapona na ripoti inaandikwa "umio wa kawaida". Asiye na dalili za hatari aache dawa wiki 2 hadi 4 kabla. Kiungulia kitarudi kwa fujo siku za mwanzo. Dawa za kutafuna za kutuliza asidi ruksa, siyo siku ya kipimo.

Kwenye ripoti tafuta herufi ya Los Angeles, yaani daraja la ukubwa wa michubuko ya umio. A ni mchubuko usiozidi mm 5, B unazidi. C umeunganisha mikunjo ya ukuta wa umio lakini haujafika 75% ya mzunguko wa umio, D umefika au kupita. B, C na D zinathibitisha ugonjwa wa asidi kupanda kwenye umio. A peke yake haitoshi, hata watu wazima wa afya huonekana nayo.

Mdau_Maabara
Na kamera ikiwa safi kabisa? Aambiwe hana kitu?

Mlinda_Umio
Hapana. Wengi wenye kiungulia, umio wao ni safi. Kamera inaona jeraha, haioni asidi. Sasa ndiyo zamu ya kipimo cha asidi: mrija mwembamba kupitia puani, kihisio kikae sm 5 juu ya kizibo cha chini cha umio (msuli unaofunga kati ya umio na tumbo), saa 24. Au kidude kisicho na waya kinachobanwa ukutani mwa umio, husoma hadi saa 96 kisha huanguka chenyewe na kutoka na choo. Tunahesabu muda ambao pH (kipimo cha ukali wa asidi, ikishuka asidi ni kali zaidi) iko chini ya 4: ukizidi 6% ni ugonjwa, chini ya 4% ni kawaida, katikati unatafuta ushahidi mwingine. Mgonjwa ale kama siku zote na abonyeze kitufe kila kinapomchoma. Anayeshinda njaa kwa woga anapima umio wa mtu mwingine.

Nesi_Theata
Tusichanganye na H. pylori pia, bakteria wa vidonda vya tumbo. Kipimo chake cha damu kinasoma kingamwili (kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi yao), hubaki chanya hata bakteria wakishaisha. Pima kinyesi, omeprazoli ikiwa imeachwa wiki 2 na antibiotiki wiki 4. Na hata wakiisha, kiungulia kinaweza kubaki palepale. Kizibo kilicholegea hakitibiwi na antibiotiki.

Zamu_ya_Usiku
Nyongeza kwa anayekwamwa na chakula: hata umio ukionekana safi, vichukuliwe vinyama (vipande vidogo vya ukuta wa umio) angalau 6, juu na chini, viende patholojia kuangaliwa kwa darubini. Aulizie kabla hajalazwa ubavu wa kushoto kwa ajili ya kamera. Kamera ikishatoka bila vinyama, ni kurudi tena na tumbo tupu.