Naomba ushauri: CX-5 ya dizeli, nibadili turbo au programu tu?

Habari zenu wakuu. Nina Mazda CX-5 ya 2014, dizeli ya lita 2.2, ile yenye turbo mbili (vile vifeni vya kusukumia hewa kwenye injini), ndogo na kubwa. Kiwandani imepewa farasi 175, na kwa mizunguko ya Dar sina neno nayo. Shida ni safari ya Iringa. Nikishamaliza mlima Kitonga wenye kona kali (pale kwenyewe siovateki, naipenda roho yangu), nakanyaga mafuta nipite semi, gari linavuta pumzi kwanza ndipo liondoke.

Fundi mmoja ananishauri tufunge turbo kubwa zaidi na tung'oe chujio la masizi kwenye egzosti. Mwingine anasema turbo niziache, tubadili programu ya kompyuta ya injini tu. Mimi nasita. Juzi tulifungua manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), tukakuta masizi mazito kama lami, njia imebaki nusu. Je, si hapo ndipo nguvu inapopotelea?

Na gia boksi ni ya otomatiki. Aliyewahi kuongeza nguvu kwenye injini hii, gia zilivumilia? Nianzie wapi?