Slampu ya zege inarukaruka: 80, 140, kisha linakatika upande

bimu_wete
Assalaam alaykum waungwana. Tupo Wete, Pemba, tunamwaga slebu. Zege ni 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mikisa (mashine ya kuchanganyia) ya mfuko mmoja, boksi la kupimia ni la lita 35, maji lita 27 kwa kila mfuko. Mhandisi anataka slampu, yaani kiasi zege linavyoshuka ukiinua koni ya kupimia, ya 75 mpaka 100 mm. Mchanganyo wa kwanza umetoa 80, wa nne 140, wa saba ukakatika, nusu ya juu ikateleza upande. Boksi lile lile, maji yale yale. Kokoto ni za jiwe la matumbawe. Usiku ilinyesha mvua, na lundo la mchanga lilifunikwa turubai nusu tu. Mafundi wanasema koni imepinda. Nianzie wapi?

pima_kwanza
Wa alaykum salaam. Koni utaimaliza kwa dakika mbili: urefu 300 mm, mdomo wa chini 200, wa juu 100. Ikiwa na bonde, au zege kavu limegandia ndani, iweke kando.

Kisha tazama anayepima. Sampuli isitoke sehemu moja ya mwago. Chota pahala mbalimbali, ugeuze upya kwa chepe. Lowesha koni na bati la chini, na bati likae sawa, lisitikisike. Jaza tabaka 3, kila moja ishindiliwe mara 25 kwa chuma laini cha mm 16 chenye ncha ya mviringo. Wengi hukata kipande cha nondo yenye mbavu; hicho hakifai, mbavu zinavuta zege. Tabaka la pili na la tatu, chuma kiingie kidogo tu kwenye lile la chini yake. Futa zege lililomwagika chini ya koni kabla ya kuinua, kwa sababu likibaki linazuia mguu wa zege usitanuke. Inua wima kwa sekunde 2 mpaka 5 bila kuzungusha. Kutoka kujaza hadi kuinua zisipite sekunde 150. Pindua koni pembeni, laza chuma juu yake, upime kushuka mpaka sehemu ya juu kabisa ya zege.

Huo mchanganyo wa saba usiuandikie namba. Likikatika upande, pima tena kwa sampuli nyingine. Likikatika mara ya pili, kosa limo kwenye mchanganyo wenyewe: zege halishikani.

kokoto_tunguu
Kwa maelezo haya mimi koni siishuku kabisa. Nusu lundo limelowa, nusu kavu, na mnapima kwa boksi. Basi hapo ndipo penye tatizo.

Mchanga ukipata unyevu wa kiasi cha 6% unavimba, chembe zinatengana, na ujazo unaweza kuzidi kwa robo. Boksi zako mbili ni lita 70, lakini mchanga halisi uliomo ni kama lita 56, karibu kilo 84 badala ya 105. Na ndani yake mmebeba maji lita 5 ambayo hakuna aliyeyahesabu. Mkiongeza lita 27 zenu, mfuko unapata 32. Uwiano wa maji kwa saruji umetoka 0.54 mpaka 0.64. Slampu ikapanda hadi 140 kwa sababu ya maji, na zege likakatika kwa sababu mchanga umepungua, kokoto hazina cha kuzishika. Chanzo ni kimoja.

Pima unyevu hapo hapo. Gramu 1,000 za mchanga kwenye kikaango juu ya moto mdogo, koroga mpaka usishikamane tena, upoe, pima. Ukibaki 943, umepoteza 57. Gawa kwa 943, ni 6%. Kwa unyevu huo weka boksi mbili na nusu badala ya mbili, na maji punguza mpaka lita 21. Mchanga uliorowa chepechepe hauvimbi hivyo, kwa hiyo usikisie kwa mkono. Rudia kila asubuhi na kila ikinyesha. Na lundo lifunikwe lote!

bimu_wete
Shukran sana. Imetoka 5.8%. Tumesahihisha, michanganyo mitatu imetoa 85, 90, 85. Sasa zege likifika mwisho wa slebu linakuwa zito, ukipima ni 50. Mafundi wanataka kutia maji kwenye karai.

kokoto_tunguu
Wazuie. Lita mbili tatu zisizo na hesabu zinaondoa nguvu ya zege, na kwa upepo wetu wa chumvi linalopitisha maji ndilo linaloozesha nondo mapema. Kokoto za matumbawe zina vitundu. Zikiingia kavu zinanywa maji ya zege ndani ya dakika chache. Zimwagieni maji jioni, zichuje usiku, asubuhi ziwe na unyevu bila maji kutuama juu.

pima_kwanza
Na karai zisisubiri juani. Ikiwa bado linashuka njiani, muulize mhandisi dawa ya kulainisha zege, ipimwe kwa uzito wa saruji kama ilivyoandikwa kwenye chombo chake. Pima slampu mahali pa kumwagia pia, si kwenye mikisa tu, na sampuli hiyo hiyo ndiyo ijaze kyubu za mm 150, vipande vya kupimia nguvu vinavyovunjwa siku ya 7 na ya 28. Slampu haisemi lolote kuhusu nguvu.