Mjadala: Daktari tunayemheshimu akishtakiwa, tusimame naye au tukae pembeni?

Daktari aliyemzalisha mama, kisha akaja kumzalisha na binti yake, anapandishwa kizimbani. Hati ya mashtaka haijaisha kusomwa, watu wameshagawanyika. Huku wanachanga pesa za wakili, wanakusanya saini na kujaa nje ya mahakama wakisema wanamfahamu, hawezi kufanya jambo kama hilo. Kule wanasema lisemwalo lipo, aachiwe mahakama yake. Na upande wa mlalamikaji kuna familia ambayo mara nyingi hakuna anayeipigia hata simu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Kumsaidia mshtakiwa apate wakili mzuri, dhamana na kesi ya haki ni jambo jema, na wagonjwa wake wana kila sababu ya kulifanya. Lakini kutangaza kwamba hana hatia kwa sababu alikutibu vizuri wewe ni jambo jingine kabisa. Wewe unajua yaliyotokea siku ulipokuwa kitandani wewe. Chumba kile kingine hukuwamo.

Tuanze na swali ambalo wengi huliruka: ameshtakiwa kwa nini? Tunazungumza kana kwamba mashtaka yote ni mamoja, wakati kuna daktari aliyekosea kazini na kuna anayedaiwa kudhamiria.

Chukueni kesi ya Hadiza Bawa-Garba wa Uingereza. Februari 2011 mtoto wa miaka 6, Jack Adcock, alifariki kwa maambukizi makali katika hospitali ya Leicester. Daktari huyu alikuwa amerudi kazini karibuni kutoka likizo ya uzazi, akibeba kazi za mwenzake ambaye hakuwapo. Daktari bingwa wa kumsimamia hakuwapo hospitalini sehemu kubwa ya siku. Mfumo wa kompyuta uliharibika, majibu ya maabara yakachelewa. Na yeye mwenyewe alifanya makosa: hakuitambua mapema hali ya mtoto ilivyokuwa mbaya, na katika dakika za mwisho alimchanganya na mgonjwa mwingine ambaye ilishaamuliwa moyo wake ukisimama asifufuliwe, akasimamisha huduma kwa muda mfupi kabla kosa halijagunduliwa. Mwaka 2015 alitiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia kutokana na uzembe mkubwa, akapewa kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa. Januari 2018 akafutwa kwenye orodha ya madaktari.

Madaktari wenzake wakaja juu. Walichanga zaidi ya pauni 300,000 za mawakili, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikabatilisha uamuzi wa kumfuta. Ninachokipenda katika utetezi ule ni hoja yake. Haikuwa kwamba ni dada mpole, anasalimia watu, ana watoto wadogo. Ilihusu zamu isiyo na watu wa kutosha na mashine zilizokufa siku hiyo, na hatari ya madaktari kuanza kuficha makosa yao wakiona wenzao wanapelekwa jela. Huo ni ushahidi na hoja ambavyo mahakama inaweza kuvipima. Hata hivyo, wazazi wa Jack walisema waziwazi kwamba uamuzi ule uliwaumiza. Hilo nalo lina uzito, na sioni kwa nini anayemtetea daktari ashindwe kulitamka.

Aina hii ya kesi naielewa zaidi. Gorakhpur, India, Agosti 2017, watoto zaidi ya 60 walifariki ndani ya siku chache hospitalini, huku kampuni iliyokuwa ikipeleka oksijeni ikidai malimbikizo ya malipo yake. Daktari Kafeel Khan alisifiwa magazetini kwa kuhangaika kutafuta mitungi usiku. Mwezi uliofuata akakamatwa. Alikaa rumande hadi Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Allahabad ilipompa dhamana ikisema hakuna ushahidi ulioonyesha uzembe wa kitabibu wake binafsi. Kwa hiyo wanaosema daktari hutolewa kafara ili wakubwa wapone hawazushi. Yapo. Binayak Sen, daktari mwingine wa India, alikamatwa 2007 akidaiwa kuwasaidia waasi, na wakati yuko ndani washindi 22 wa Tuzo ya Nobel waliomba aachiwe. Alihukumiwa kifungo cha maisha 2010, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikampa dhamana. Kelele za watu wa nje zina kazi yake, hasa pale dola yenyewe ndiyo inayomkaba mtu.

Sasa geuzeni upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo nina ugomvi na wengi wenu.

Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani ya jimnastiki. Wazazi walimpenda. Wasichana waliambiwa wana bahati kutibiwa naye. Septemba 2016 tuhuma za kuwadhalilisha kingono zikatoka gazetini, na wengi wakamtetea kwa maneno tunayoyajua: anatafutiwa sababu, ni matibabu tu, watoto hawakuelewa. Alikuwa anagombea nafasi kwenye bodi ya shule. Akajitoa, lakini jina lilibaki kwenye karatasi za kura, na Novemba watu zaidi ya 2,000 wakampigia. Januari 2018 wanawake zaidi ya 150 walisimama mahakamani kueleza aliyowafanyia, naye akapewa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Baadhi yao walidhulumiwa mama zao wakiwa chumba hichohicho. Alikuwa anasimama mahali panapomziba mzazi asione mkono wake uko wapi.

Fikirini kidogo kuhusu mama yule. Angeulizwa siku ile na polisi, angeapa kwamba alikuwapo mwanzo hadi mwisho na hakuna kitu. Angesema kweli kwa kadiri ya macho yake. Ndiyo maana nasema, kwenye mashtaka ya udhalilishaji, maelfu ya wagonjwa walioridhika hawathibitishi chochote. Mtu wa namna hiyo anahitaji wengi waridhike. Heshima ndiyo inayomfungulia mlango wa kubaki na mtoto peke yake.

Na Harold Shipman? Daktari wa familia wa Hyde, Uingereza, mtu wa kwenda nyumbani kwa wazee wanapougua. Machi 1998 daktari wa kituo jirani, Linda Reynolds, alipeleka wasiwasi wake kwa mamlaka: wagonjwa wa Shipman walikuwa wanakufa mno. Polisi walichunguza juujuu wakafunga jalada. Kabla hajakamatwa Septemba, wengine watatu walikuwa wameshauawa. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15, na uchunguzi wa umma uliofuata ukahesabu takriban 215. Reynolds hakuwa na chuki wala wivu wa kazi, ingawa kama angejulikana mapema sina shaka hilo ndilo angeitwa.

Kuna anayesema: je, sifa za mtu hazina thamani yoyote? Zina thamani, ila zina mahali pake. Daktari Conrad Murray aliposhtakiwa kwa kifo cha mwanamuziki Michael Jackson, wagonjwa wake wa zamani walikwenda kizimbani wakaeleza alivyowahudumia kwa moyo, hata wasiokuwa na pesa. Walikula kiapo, wakahojiwa na upande wa mashtaka. Baraza la wazee wa mahakama likawasikiliza, likapima na ushahidi wa dawa ya usingizi aliyompa mtu nyumbani bila vifaa vya kutosha vya kumwangalia, na Novemba 2011 likamtia hatiani. Wale wagonjwa hawakusema uongo. Walisema walichokijua, mahali panapostahili, na waamuzi wakaamua. Hivyo ndivyo ninavyotaka tufanye.

Tofauti na hapo ni yale yanayofanyika kila siku kwenye simu zetu. Picha ya mlalamikaji inasambazwa. Mtu anauliza kwa nini alinyamaza muda wote huo. Mume wake anapigiwa amwambie afute kesi. Muuguzi aliyeandika maelezo polisi anaitwa msaliti na kazini hakaliwi naye meza moja. Mkifika hapo hamko tena kwenye kumsaidia daktari. Mnaingilia mashahidi, na wakili wake mwenyewe akiwa na akili atawaomba muache, kwa sababu upande wa mashtaka utayatumia hayohayo kupinga dhamana yake. Toeni pesa, mkiweka hesabu yake wazi. Nendeni mahakamani mkae kimya msikilize. Wenye kujua hali ya wodi, idadi ya wauguzi na vifaa vilivyoharibika waandike maelezo yao kwa wakili. Mpelekeeni mkewe au mumewe chakula, kwa sababu watoto wa mshtakiwa hawana kosa.

Jambo moja bado halijakaa sawa kichwani mwangu, na ndilo hasa nataka tubishane. Akiwa nje kwa dhamana, aendelee kutibu? Mimi naona mashtaka yakiwa ya kumdhuru mgonjwa kwa makusudi au kumdhalilisha, akae nyumbani na mshahara wake hadi kesi iishe, kwa kuwa bado hajahukumiwa na wala wagonjwa hawapaswi kubahatisha. Yakiwa ya uzembe, arudi chini ya usimamizi wa mwenzake. Lakini najua kuna mahali daktari ni huyohuyo mmoja, na akikaa nyumbani mwaka mzima watu watakufa kwa kukosa upasuaji wa kawaida. Nimeshawasikia wanaosema heri daktari mwenye kesi kuliko kutokuwa na daktari, na kwa mjamzito anayevuja damu saa nane usiku sina jibu rahisi la kuwapa. Mliowahi kukaa kwenye kamati za nidhamu za madaktari, nanyi mliowahi kuwa upande wa familia ya mgonjwa, semeni: mngeamua vipi, na nani angekaa mle chumbani kumwangalia?