Kutia kruzi kontroli kwenye gari lisilokuja nayo: tupeane uzoefu

Kijana wa Bububu: Assalaam aleikum. Toyota nyingi zinazoshushwa hapa kutoka Japani hazina kruzi, yaani kifaa cha kushikilia mwendo bila ya kukanyaga mafuta, lakini ukitazama nyuma ya usukani, chini kulia, pahala pa kijiti cha kuiwashia pako, pamezibwa plastiki tu. Wanaoijua kazi hii waseme: yawezekana kwa pesa kidogo? Na kinachoharibika ni kipi?

Fundi Waya, Fuoni: Waaleikum salaam. Fungua boneti kwanza. Ukiona kebo ya chuma inatoka kwenye pedali ya mafuta mpaka kwenye injini, kijiti peke yake hakitoshi. Gari hilo linataka mashine nzima ya kuvuta kebo. Ukikuta waya za umeme tu, kuna matumaini, kwani kompyuta ndiyo inayofungua hewa, na mara nyingi programu ya kruzi imo ndani, imelala. Mara nyingi, si kila gari.

Kijiti cha mtumba kipime kwa multimita, kile kipima umeme, kabla hujakilipia. Kitufe cha kuwasha, omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) karibu na sifuri. Kupandisha mwendo 240, kushusha 630, kufuta 1540 hivi. Kompyuta haioni kitu chengine, inasoma omu hizo kwa waya mbili: ya ishara, inayoingia kwenye pini iliyoandikwa CCS, na ya eathi. Sasa fikiria chumvi ya kwetu. Kiungo kikishika ule ukijani, omu zinapanda, unabonya kupandisha na kompyuta inasoma chengine. Usisokote waya ukafunga tepu. Unga kwa risasi ya kulehemu, vika mpira wa kubana kwa moto.

Mzee wa Saateni: Kruzi ya nini Unguja? Mjini mpaka Makunduchi ni kama kilomita 60, na njiani baskeli, ng'ombe, watoto wa skuli. Pesa hizo nunueni matairi.

Mama Salha: Shikamoo mzee. Dereva anayepeleka wageni Nungwi kila siku mguu unamfa ganzi. Na ukiiweka 50, mwendo haukupandi bila kujua.

Mzee wa Saateni: Marahaba mwanangu. Lakini mvua ikinyesha izimeni. Tairi likiteleza juu ya maji, kruzi haijui.

Mpemba wa Konde: Mnajadili omu, la eabegi, ule mfuko wa hewa wa kinga ndani ya usukani, hamjaligusa, na hapo ndipo penye khatari. Kuna Toyota Vitz moja huku Pemba, kijiti kilitiwa vizuri, kruzi ikashika njia ya Wete. Siku ya pili mwenyewe anageuza gari uwanjani, kakata usukani mpaka mwisho, ikasikika *tak* ndani ya usukani. Honi kimya, taa ya eabegi imewaka haizimi, kruzi haipo tena. Kilichokatika ni spairo, ule utepe mwembamba uliozungushwa kama saa ya kutia ufunguo, unaopitisha umeme wakati usukani unazunguka. Ilipotolewa kutia kijiti ilizungushwa mkononi, ikarudishwa bila kuwekwa kati. Utepe una mizunguko miwili na nusu kila upande. Ukianzia pembeni, upande mmoja unaisha mapema unakatika. Na utepe huo ndio unaoifyatua eabegi. Tokea hapo gari halina kinga, na ile taa ndiyo inayomwambia dereva.

Kijana wa Bububu: Subhanallah. Spairo inawekwaje kati?

Mpemba wa Konde: Matairi ya mbele yanyooshe kwanza. Izungushe spairo kinyume cha saa kwa mkono, taratibu, mpaka iwe nzito. Halafu irudishe mizunguko miwili na nusu mpaka alama zikutane. Ukiihisi nzito, simama, usiilazimishe.

Mama Salha: Kweli kabisa, ya jirani yetu ilikuwa hivyo hivyo.

Fundi Waya, Fuoni: Na kabla ya hapo toa kichwa hasi cha betri, subiri sekunde 90 ndipo uguse skurubu za eabegi.

Dereva wa Kinyasini: Sekunde 90 chache. Subiri dakika kumi.

Fundi Waya, Fuoni: Kitabu cha gari kinasema 90. Ukisubiri zaidi hukosei, lakini usimtie mtu hofu. La kuogopa ni swichi ya breki. Inatakiwa ya pini nne: ukikanyaga, njia moja hupitisha umeme, ya pili huukata, na kompyuta inazilinganisha. Ukikuta ya pini mbili, ibadilishe. Asikuambie mtu uunge waya moja kwa moja ili "ikubali". Hapo umeondoa kinachoiachisha kruzi ukikanyaga breki.

Dereva wa Kinyasini: Hapo sina ubishi. Kwa mashine za kuvuta kebo, mnyororo mdogo uache ulegee kidogo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila ya kukanyagwa mafuta, usije ukashikilia mafuta. Na ukiwa umebadilisha balbu za breki ukatia za LED, mashine nyingi hazishiki, kwa sababu zinatafuta eathi kupitia waya wa balbu ya zamani.

Kijana wa Bububu: Nimekusudia kuanza Jumamosi. Taa ya kruzi isipowaka kwenye dashibodi?

Fundi Waya, Fuoni: Dashibodi nyengine hazina taa hiyo. Washa, panda zaidi ya 40 kwenye njia tupu, shusha kijiti, toa mguu. Ikishika, gusa breki papo hapo uone kama inaachia.